Kucheza Ujombani: Kisa cha Phil Younghusband Kikitazamwa Kutoka Malindi

Phil Younghusband alizaliwa Ashford, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza, tarehe 4 Agosti 1987, baba yake akiwa Mwingereza na mama yake Mfilipino. Alilelewa kisoka katika akademia ya Chelsea, ingawa hakuwahi kuichezea timu ya kwanza ya klabu hiyo hata mechi moja ya mashindano. Alipotundika daluga mwishoni mwa mwaka 2019 alikuwa ameifungia timu ya taifa ya Ufilipino mabao 52 katika mechi 108, na hapakuwa na mchezaji mwingine katika historia ya timu hiyo aliyeifungia mengi kuliko yeye. Kwa vijana wa hapa Malindi jina lake halina uzito wowote, na sishangai, kwa kuwa ligi alizozichezea hazionyeshwi kwenye mabanda yetu ya video, na nchi aliyoichezea inajulikana zaidi kwa mpira wa kikapu na ngumi.

Hata hivyo ni kisa ambacho Malindi inakihitaji kuliko miji mingi ya pwani hii. Tangu Waitalia walipoanza kuja kwa wingi katika miaka ya 1960, kwanza kwa shughuli za kituo cha anga cha Ngomeni, ambako setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967, kisha kwa hoteli, mikahawa na nyumba za likizo, wamezaliwa mjini mwetu watoto wengi ambao baba ni Mwitaliano na mama ni Mgiriama, Mswahili, Mbajuni au mwanamke aliyekuja kutafuta maisha kutoka bara. Baadhi yao walichukuliwa Italia wakiwa wachanga. Wengi zaidi wamekulia mitaa ya Muyeye, Shela, Barani na Maweni, kwa mama na kwa nyanya, wakicheza mpira pekupeku na wenzao. Anapotokea mmoja mwenye mguu mzuri, wazee wanaokaa kando ya uwanja huanza kumpangia maisha, na ushauri wao huwa ni ule ule: asikubali mwito wowote wa Kenya, angoje Italia, kwa sababu akishaivaa jezi ya Harambee Stars amejifungia mlango wa Ulaya.

Naona ushauri huo una kasoro, na kisa cha Younghusband kinaonyesha kasoro yenyewe iko wapi. Kinaonyesha pia jambo ambalo wale wanaompinga mzee wa kando ya uwanja kwa hoja za uzalendo hawapendi kulisikia: kwamba kuichagua nchi ya mama si tendo la mara moja linalomalizika kwa kuvaa jezi, na kwamba kilichomfanya Younghusband kuwa Younghusband hakikuwa uchaguzi wake wa 2006 bali uhamisho wake wa miaka mitano baadaye.

Alivyopatikana

Ufilipino inasimuliwa sana kwamba Phil na kaka yake James, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja na ambaye naye alikuwa Chelsea, waligunduliwa na shabiki mmoja aliyekuwa akicheza mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu, akaona katika orodha ya vijana wa Chelsea ndugu wawili walioandikwa kuwa na asili ya Ufilipino, naye akalijulisha shirikisho la soka la nchi hiyo. Mwaka 2005 ndugu hao walikuwa katika kikosi cha vijana kilichocheza Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na Novemba 2006 wakaingia timu ya wakubwa katika mechi za kufuzu kombe la nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia zilizochezwa Bacolod, nchini humo, mashindano ambayo Ufilipino iliifunga Timor-Leste mabao 7-0. Ushindi huo usimdanganye mtu. Mwaka huo huo nchi hiyo ilikuwa imeshuka hadi nafasi ya 195 katika orodha ya FIFA, karibu na sakafu kabisa.

Wapo wanaopenda kuusimulia uamuzi huu kama sadaka, kwamba kijana wa Chelsea aliikataa Uingereza akaifuata damu ya mama. Ni simulizi tamu, lakini haiendani na hali halisi ya soka wakati ule. Mshambuliaji wa miaka 19 aliyekuwa akicheza timu ya akiba, wakati Uingereza ikiwa na Wayne Rooney, Michael Owen, Peter Crouch na Jermain Defoe, hakuwa na Uingereza ya kuikataa. Alichokuwa nacho mbele yake ni ama kuwa mchezaji wa kimataifa wa nchi dhaifu, ama kutokuwa mchezaji wa kimataifa kabisa. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Nasema hivyo kwa sababu kijana wetu wa Muyeye ambaye hajawahi kuitwa hata na timu ya vijana ya klabu ya daraja la tatu Italia yuko katika nafasi dhaifu zaidi ya ile, na bado anaambiwa angoje.

Kuhusu mlango kufungwa, wazee hawakosei kabisa. Wanakumbuka kanuni za zamani. Kwa miaka mingi mechi moja rasmi ilitosha kumfunga mchezaji, na mfano mchungu zaidi unatoka kwa mtoto mwingine wa mama. Tim Cahill, aliyezaliwa Sydney kwa baba Mwingereza na mama Msamoa, aliichezea Samoa katika mashindano ya vijana wa chini ya miaka 20 mwaka 1994 akiwa na miaka 14 tu, na kwa ajili ya mechi hizo za utotoni akazuiwa kuichezea Australia hadi FIFA ilipolegeza kanuni mwaka 2004. Aliyezuiwa hivyo ndiye aliyekuja kuifungia Australia katika Kombe la Dunia la 2006, la 2010 na la 2014. Mwaka 2009 FIFA iliondoa sharti la umri lililokuwa limebaki, na Septemba 2020 ikafungua mlango zaidi: aliyechezea timu ya wakubwa mechi zisizozidi 3 kabla ya kufikisha miaka 21 anaweza kuhama ikiwa imepita miaka 3 tangu mechi ya mwisho, na ikiwa mechi hizo hazikuwa za fainali za Kombe la Dunia wala za fainali za bara. Hofu ya Cahill haipaswi tena kuwa hofu ya mtoto wa miaka 16 wa Malindi, ingawa lipo sharti moja ndani ya kanuni hizo ambalo nitalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo linalotugusa zaidi.

Uraia unaopita kwa mama

Kabla ya mpira kuna karatasi. FIFA haiulizi mtu anajisikia nani. Inauliza kwanza kama ni raia. Younghusband alikuwa na bahati ya kuzaliwa miezi michache tu baada ya Ufilipino kuidhinisha Katiba ya 1987, inayomhesabu kuwa raia kila mtu ambaye baba yake au mama yake ni raia. Nchi hiyo haikuwa hivyo siku zote. Chini ya Katiba yake ya 1935, mtoto wa mama Mfilipino na baba mgeni alilazimika kungoja hadi utu uzima ndipo atamke kwamba anauchagua uraia wa mama, wakati mtoto wa baba Mfilipino hakuhitaji kutamka neno. Ni Katiba ya 1973 iliyowaweka wazazi wawili sawa.

Kenya ilichukua muda mrefu zaidi. Katika Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alikuwa Mkenya kwa kuzaliwa ikiwa baba yake ni Mkenya. Mama peke yake hakutosha. Aliyezaliwa humu nchini kwa mama Mkenya alihesabiwa raia, lakini akifikisha miaka 21 huku ana uraia mwingine wa baba, alitakiwa kuukana huo mwingine, la sivyo aupoteze wa Kenya. Fikiria maana yake. Kama mama yule wa Ashford angekuwa ametoka Malindi badala ya Ufilipino, mwaka 2006 mwanawe asingekuwa Mkenya machoni pa sheria, hata kama angejua Kiswahili cha kutunga mashairi, na shirikisho letu lisingekuwa na haki ya kumwita.

Hali hiyo iligeuka tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 14 cha Katiba mpya kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake mama au baba ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje, na kinawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 16 kinaongeza kwamba raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kijana aliyezaliwa Milano mwaka 2003 kwa mama wa Malindi ni Mkenya leo kwa haki, si kwa hisani ya ofisa yeyote, japo sheria ya uhamiaji ya 2011 inamtaka mwenye uraia pacha autangaze ndani ya miezi 3. Hilo la kutangaza watu wengi wa hapa hawalijui, na lina adhabu.

Hanoi, kisha Jakarta

Miezi mitatu na siku chache baada ya Katiba yetu kuzinduliwa Nairobi, Ufilipino ilikwenda Hanoi kucheza na Vietnam, mabingwa watetezi wa kombe la nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Ilikuwa tarehe 5 Desemba 2010, katika uwanja wa Mỹ Đình, mbele ya mashabiki waliokuja kuona mabao mengi ya wenyeji. Wageni walishinda 2-0. La kwanza lilifungwa na Chris Greatwich, naye mzaliwa wa Uingereza mwenye mama Mfilipino; la pili lilifungwa na Younghusband; na langoni alisimama Neil Etheridge, mtoto wa baba Mwingereza na mama Mfilipino, aliyepitia akademia ya Chelsea kabla ya kwenda Fulham. Kwa lugha ya kwetu, ni wapwa watatu waliokwenda kumtetea mjomba. Kwa sare na Singapore na Myanmar wakaingia nusu fainali, jambo ambalo nchi hiyo haikuwahi kulifikia.

Nusu fainali ndiyo sehemu ya kisa ninayoipenda zaidi kuisimulia, kwa sababu haina utukufu. Kanuni zilitaka mkondo mmoja uchezwe Ufilipino na mwingine Indonesia. Ufilipino haikuwa na uwanja uliokidhi viwango. Mikondo yote miwili ikachezwa Jakarta, tarehe 16 na 19 Desemba, katika uwanja wa Gelora Bung Karno uliofurika watu wa upande mmoja, na Ufilipino ikafungwa 1-0 mara zote mbili. Bao la kila mechi lilifungwa na Cristian Gonzáles, mzaliwa wa Uruguay aliyepewa uraia wa Indonesia mwaka huo huo. Wafilipino waliokuwa wakisemwa kwamba wanashinda kwa wachezaji wa kuazima walitolewa na mtu ambaye hakuwa hata na bibi mzaa mama wa Indonesia.

Mkenya akisikia habari ya kucheza nyumbani ugenini asicheke sana. Juni 2024 Harambee Stars ilicheza mechi zake mbili za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire, mjini Lilongwe nchini Malawi, kwa kuwa viwanja vya Nairobi, Nyayo na Kasarani, havikuwa katika hali ya kukubalika. Mwanasoka wa damu mbili anaweza kuletewa pasipoti ya nchi ya mama kwa wiki chache. Uwanja hauletwi kwa ndege.

Ufilipino ilikuwa na kitu kimoja ambacho Kenya haijakipata kwa namna ile. Tangu 2009 timu ilikuwa na meneja, mfanyabiashara Dan Palami, aliyegharamia mengi kutoka mfukoni mwake mwenyewe wakati shirikisho halina fedha. Baada ya Hanoi watu walianza kujaa viwanjani. Julai 2011 Sri Lanka ilifungwa 4-0 jijini Manila katika kufuzu Kombe la Dunia, Younghusband akifunga mawili, na nchi iliyozoea kujaza kumbi za mpira wa kikapu ikawa na wachezaji wa soka kwenye mabango ya matangazo. Jina la utani la timu, Azkals, lilitokana na neno la mitaani la mbwa koko. Wachezaji wenye damu iliyochanganyika walilivaa kwa fahari kwa zaidi ya muongo, hadi shirikisho lilipoliacha mwaka 2024.

Uhamisho

Chelsea ilimwachia Younghusband mwaka 2008, baada ya kumkopesha kwa muda Esbjerg ya Denmark. Hapo ndipo wengi wa aina yake hutafuta klabu ya daraja la tatu au la nne Uingereza, wakaja nchi ya mama kwa siku kumi kumi wakati wa mechi za kimataifa. Yeye alifanya kinyume. Kufikia 2011 alikuwa anachezea Loyola ya Manila, katika ligi ambayo wakati ule ilikuwa changa na dhaifu kwa kipimo chochote, na akabaki katika klabu hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kumalizia Davao Aguilas. Kaka yake alifuatana naye.

Kwa nini jambo hili ni zito kuliko uamuzi wa 2006? Sababu ya kwanza ni kalenda. Klabu hulazimika kumwachia mchezaji katika siku zilizotengwa na FIFA na katika fainali za bara, lakini si katika kombe la nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ambalo kwa miaka mingi lilichezwa Desemba, wakati klabu za Uingereza ziko katikati ya msimu wenye mechi nyingi kupita kiasi. Ni sawa na CECAFA kwetu, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Nchi ndogo huishi kwa mashindano hayo madogo, na mchezaji wa Ulaya huyakosa. Aliyehamia Manila alikuwepo. Mechi 108 hazikutokana na kipaji kisicho na mfano. Zilitokana kwa sehemu kubwa na kuwepo. Aliongoza kwa mabao, 6, katika Kombe la Changamoto la Asia la 2012 nchini Nepal, ambako Ufilipino ilimaliza ya tatu. Alikuwepo 2014 nchini Maldives walipopoteza fainali kwa Palestina 1-0. Na alikuwepo tarehe 27 Machi 2018, Manila, siku ambayo naiona kuwa kilele cha kazi yake yote.

Siku hiyo Ufilipino ilihitaji sare tu dhidi ya Tajikistan ili iende fainali za Kombe la Asia kwa mara ya kwanza. Tajikistan ikatangulia kufunga. Kevin Ingreso akasawazisha, na dakika zikiwa zinayoyoma Ufilipino ikapewa penalti. Younghusband akaupiga mkwaju, ukaingia, 2-1, na lilikuwa bao lake la 50 kwa taifa. Kufikia Mei mwaka huo nchi iliyokuwa ya 195 ilikuwa ya 111.

Sababu ya pili haionekani katika takwimu. Mashabiki wa Ufilipino, kama mashabiki wa popote, waliwauliza wazaliwa wa nje: ninyi ni wetu kweli? Swali hilo hunyamaza siku za ushindi na huamka siku za kufungwa. Aliyekuja kwa ndege Jumatatu na kuondoka Jumatano iliyofuata hana jibu. Anayekwama kwenye foleni za magari za Manila pamoja nao, anayelipwa mshahara na klabu yao, anayefundisha watoto wao mpira, hahitaji kujibu kwa maneno. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza pawe kwao kwa kuishi, si kwa cheti pekee.

Gharama ilikuwepo, na uchambuzi wa haki hauifichi. Etheridge, mwenzake wa Hanoi, alibaki Uingereza, akapanda daraja baada ya daraja, na Agosti 2018 akiwa na Cardiff City akawa mchezaji wa kwanza kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Aliokoa penalti katika kila moja ya mechi zake mbili za mwanzo. Yamkini Younghusband asingefika huko kwa vyovyote, lakini kwa kuhamia Manila katika miaka ya ishirini aliukata mjadala. Upande wa pili wa mizani ni Januari 2019, fainali za Asia katika Falme za Kiarabu, Ufilipino ikiwa chini ya Sven-Göran Eriksson. Kwa makubaliano na klabu, Etheridge alibaki Cardiff. Younghusband alikwenda. Walifungwa mechi zote tatu, na Korea Kusini, China na Kyrgyzstan. Kati ya kipa aliyefika mbali zaidi na mshambuliaji aliyekuwepo zaidi, mimi ningemjengea sanamu mshambuliaji, nikijua kabisa kwamba mzazi yeyote wa Malindi angemtakia mwanawe mshahara wa kipa.

Karatasi mbili za mtoto wa Malindi

Tofauti kubwa kati ya Younghusband na vijana wetu ni kwamba wengi wao hawana haja ya kuhamia kwa mama. Wapo tayari. Shirikisho linapotazama nje kutafuta majina ya Kikenya kwenye timu za vijana za Uingereza, Sweden na Ubelgiji, na likikumbuka kwa uchungu Divock Origi, mtoto wa mchezaji wetu wa zamani Mike Okoth, aliyezaliwa Ostend na kuichezea Ubelgiji, chotara wa Barani anayecheza kila wikendi kwenye vumbi haandikwi popote. Kwenye uwanja wenyewe, mashabiki wa timu pinzani humpigia kelele, "Mzungu, rudi kwenu!" Niliwahi kumsikia mmoja akiwajibu kwa Kigiriama cha ndani, tusi refu lenye ukoo mzima ndani yake, hata kocha wa upande wa pili akainamisha kichwa akicheka.

Shida yake iko kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliandikiwa herufi za X mahali pa jina la baba, isipokuwa baba mwenyewe akubali kuandikwa. Mei 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kilichohalalisha desturi hiyo, kinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini vyeti vya zamani havikujibadilisha vyenyewe. Mama mmoja alinifikishia cha mwanawe, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, akaniuliza, "Mwalimu, na hizi X zitamzuia timu ya taifa?"

"Hazimzuii, mama. Kwa Kenya wewe mwenyewe watosha."

"Na kwa babake?"

Hapo ndipo jibu lilipokuwa refu. Karatasi ya mama inafungua timu ya taifa ya Kenya bila kumhitaji baba hata kidogo. Karatasi ya baba inafungua klabu za Ulaya, kwa sababu mwenye pasipoti ya Italia hahesabiwi mgeni katika ligi ambazo nafasi za wasio raia wa Umoja wa Ulaya zina kikomo. Chini ya sheria ya uraia ya Italia ya 1992, mtoto anayetambuliwa na baba Mwitaliano kabla ya kufikisha miaka 18 hupata uraia huo; akitambuliwa akiwa mtu mzima, ana mwaka mmoja tu wa kuuchagua; na mwaka 2025 Italia ilikaza zaidi masharti kwa waliozaliwa nje ya nchi. Jina la baba kwenye cheti cha Kenya peke yake halitoshi. Italia inataka utambuzi wa kisheria. Ofisi niliyowahi kuipeleka familia moja ilituzungusha kwa wiki nyingi kabla ya kutueleza jambo hilo rahisi, na wakati huo mtoto alikuwa akikaribia miaka 18.

Wakala anayedai atamtorosha mtoto wa miaka 15 hadi Italia kwa ajili ya majaribio ya klabu naye asikilizwe kwa tahadhari. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa masharti machache, kwa mfano wazazi wanapohama wenyewe kwa sababu zisizo za soka.

Sasa lile sharti. Kanuni ya 2020 inayomruhusu aliyecheza mechi zisizozidi 3 za timu ya wakubwa kuhama baadaye inamtaka awe tayari na uraia wa nchi anayoihamia siku alipoichezea nchi ya kwanza kwa mara ya kwanza katika mashindano rasmi. Kwa mechi za vijana pekee, zilizochezwa kabla ya miaka 21, kanuni ni laini zaidi. Kwa hiyo mzee wa kando ya uwanja ameshika jambo la kweli kwa mkono usio wake: kinachomfungia kijana mlango si jezi ya Kenya, ni kuivaa ile ya wakubwa kabla karatasi ya baba haijatengenezwa. Akiitwa kesho na timu ya Kenya ya chini ya miaka 17 au 20, aende, apate mechi, aonekane, kwa sababu hakuna mtu Italia anayemtafuta kijana asiyeonekana popote. Wakati huo huo mama na mwanasheria wafuatilie utambuzi, ikiwa baba yu hai na ana moyo. Na ikiwa baba hapatikani, kama ilivyo kwa wengi tunaowajua, basi mjadala wa Italia umekwisha, na swali linalobaki ni lile alilokabiliana nalo Younghusband baada ya Chelsea kumwachia: klabu gani ya Kenya itamlipa mshahara wa kumtosha kubaki.